Kaa Lina Kumbukumbu: Mafunzo Niliyopata Nikiufuata Moshi wa Makaa ya Mawe

Mama yangu hakununua mkaa bila kuugonga. Alitoa vipande viwili kwenye gunia, akavigonganisha karibu na sikio, akasikiliza. Ukilia kama chuma, alilipa. Ukitoa sauti ya kufa, aliurudisha na kumwambia muuzaji kwamba huo ni wa mwembe, utaisha kabla maharage hayajaiva. Nilikulia Mbeya nikimwona akifanya hivyo kila mwezi. Nilikuja kuelewa baadaye sana, nikiwa Johannesburg na koti jeupe la maabara, kwamba mama alikuwa akipima jambo lile lile nililovuka mipaka mitatu kwenda kulisomea: jinsi kaa lilivyojengeka ndani, na jinsi ujenzi huo unavyoamua namna litakavyowaka.

Mimi nilisomea makaa ya mawe. Chembe ya makaa ya mawe ikiingia motoni, kwanza hutoa gesi na lami. Kinachobaki ni kaa jeusi lenye matundu, kaboni karibu tupu pamoja na madini yatakayokuwa majivu. Maabara tuliliita chari. Swali langu lilikuwa moja: chari hiyo ina mkono gani katika oksidi za naitrojeni zinazotoka na moshi? Oksidi hizo huchangia mvua ya asidi, huzaa ozoni karibu na ardhi, na hukera mapafu ya watoto na wazee kabla ya wengine.

Nimestaafu. Wewe unayeanza najua unataka kufika mbali kuliko nilipofika, na utafika. Haya nimeyaandika ili usipoteze miaka niliyoipoteza.

1. Usiilaumu hewa kabla ya kulitazama kaa

Mwaka wangu wa kwanza niliandika ripoti ndefu nikitabiri kwamba tanuri letu la maabara, lile la mchanga unaorushwa na hewa kutoka chini mpaka unachemka kama uji, halitatoa oksidi za naitrojeni za kuhesabika. Tuliliendesha kwa nyuzi 850 za Selsiasi. Hewa ina naitrojeni asilimia 78, lakini atomu zake zimeshikana mbili mbili kwa nguvu kubwa, na kuzitenganisha kwa moto kunahitaji joto la kupita nyuzi 1,500 hivi. Mwanasayansi wa Kisovieti Yakov Zeldovich alieleza njia hiyo miaka ya 1940, nami nilikuwa nimeikariri. Nyuzi 850 zisingetosha, kwa hiyo nilijua jibu kabla ya kuwasha.

Tukawasha. Kipimo kikapanda hadi mamia ya sehemu kwa milioni.

Nilisema kipimo kimeharibika. Nilikisafisha, nikabadilisha mirija, nikakisafisha tena. Siku nne zikapita. Msimamizi wangu hakunigombeza. Aliagiza mtungi wa agoni. Tulichanganya agoni na oksijeni tukaitumia badala ya hewa, ikawa ndani ya tanuri hamna naitrojeni ya hewa hata chembe. Usomaji haukushuka kwa kiasi cha maana.

Baadaye ndipo nikasoma kwamba watafiti wawili, Pershing na Wendt, walikuwa wamefanya jaribio la aina hiyo hiyo katikati ya miaka ya 1970 kwa moto wa makaa yaliyosagwa, moto mkali kuliko wetu, nao wakakuta sehemu kubwa ya oksidi hizo inatoka kwenye makaa yenyewe. Makaa ya mawe yana naitrojeni ndogo, kwa kawaida asilimia 1 hadi 2 ya uzito. Lakini imefungwa ndani ya pete za kaboni, nyingine za pembe tano, nyingine za pembe sita, na kufumua pete hizo hakuhitaji joto kali kama lile la kuvunja naitrojeni ya hewa. Kidogo kilicholegea hushinda kingi kilichokaza.

Kilichonishangaza ni kwamba kitabu chenye jibu kilikuwa mezani kwangu muda wote. Nilikuwa nimesoma sura moja na kuiacha iliyofuata. Kipimo kikikataa hesabu yako, anza kuihoji hesabu.

2. Anayeizaa ndiye anayeiua

Baada ya aibu ile niligeuka mzima mzima. Nikawa ninaamini kwamba chari ni mkosaji tu, na kazi yangu ni kuhesabu makosa yake. Nilianza kuchoma chari peke yake kwenye bomba la kwatsi, nikipima ni sehemu gani ya naitrojeni yake inatoka kama oksidi. Siku moja nilikuwa na haraka ya kumaliza, nikaongeza kiasi cha chari mara tano ili usomaji uwe mkubwa na wazi. Nilitegemea oksidi nayo iwe mara tano.

Haikuwa. Kwa kila gramu, oksidi ilipungua sana. Nilirudia kwa kiasi kidogo, ikapanda. Kikubwa, ikashuka. Niliona kama ninachezewa.

Jambo lenyewe ni hili. Oksidi ya naitrojeni inayozaliwa juu ya ukuta wa chari haijawa huru. Ikigusa kaboni nyingine yenye njaa ya oksijeni, kaboni huinyang'anya oksijeni yake, na naitrojeni hujiunga na mwenzake kuwa gesi ile ile isiyo na madhara tunayoivuta kila siku. Kaboni monoksaidi iliyomo kwenye vitundu nayo husaidia, na uso wa chari ndio uwanja wa kazi hiyo. Kwa hiyo chembe iliyo peke yake katika mkondo wa hewa huachia sehemu kubwa ya oksidi yake. Chembe zikirundikana, oksidi ya moja huangukia mikononi mwa nyingine.

Na ndani ya chembe moja mambo ni hayo hayo. Mtoto wa nyumba ya chumba kimoja akitaka kutoka, hatua moja yuko nje. Mtoto wa jumba la vyumba kumi na viwili na korido zinazopindana atakutana na shangazi, bibi na mjomba kabla hajafika mlangoni, na kila mmoja atamuuliza anakwenda wapi. Muundo wa vitundu vya chari ndio korido hizo. Ukinipa kiasi cha naitrojeni iliyomo kwenye makaa bila kuniambia nyumba imejengwaje, sitaweza kukwambia nini kitatoka kwenye bomba la moshi.

3. Uliza kaa limepitia nini

Hili ndilo lililonila muda mrefu kuliko yote, na ndilo ninalotaka ulisome taratibu.

Nilitengeneza chari yangu kwa njia niliyoiona ni ya uangalifu. Nilisaga makaa, nikayaweka kwenye vikombe vya kauri, nikayaingiza kwenye tanuri dogo la umeme lililojaa naitrojeni, nikapandisha joto nyuzi 20 kila dakika hadi 1,000, nikayaacha humo saa moja, nikayapoza usiku kucha. Chari ilitoka nzuri, sawa kila mara. Kwa miezi saba nilipima kasi yake ya kuua oksidi ya naitrojeni, nikachora michoro, nikaandaa hotuba ya mkutano.

Wiki mbili kabla ya mkutano, mwenzangu wa maabara ya jirani aliniletea chupa ndogo ya chari kutoka kwenye tanuri lao refu la wima, ambamo unga wa makaa hudondoshwa kutoka juu na kuiva ukiwa njiani kwenda chini. Makaa yalikuwa ya gunia moja na yangu. Niliyaweka yote mawili chini ya hadubini ya elektroni. Yangu yalikuwa kama kokoto zilizopasuka. Yake yalikuwa mapovu: mipira yenye ngozi nyembamba na utupu mkubwa katikati, mingine imetoboka kama mdomo wa mtungi. Nilimwuliza kama ana hakika hajachanganya magunia.

Hakuwa amechanganya. Katika boila la kituo cha umeme, chembe ya makaa haipandi nyuzi 20 kwa dakika. Hupanda kwa kasi ya nyuzi 10,000 hadi 100,000 kwa sekunde. Gesi zilizomo ndani hazipati nafasi ya kupenya pole pole. Hutoka kwa pamoja wakati kuta zimelainika kama lami, na chembe huvimba. Kila kitu kimekwisha kabla hujapepesa jicho. Mimi nilikuwa nimepika kwa moto wa pole pole kitu ambacho duniani hupikwa kwa radi.

Tena kulikuwa na kosa la pili ndani ya lile la kwanza. Saa nzima kwenye nyuzi 1,000 ilikuwa imeituliza chari yangu. Kaboni ikikaa kwenye joto kali bila kuwaka, tabaka zake hujipanga, kingo zilizokuwa wazi hufungana, na zile sehemu zenye njaa zinazonyang'anya oksijeni hupungua. Chari changa, iliyotoka motoni sasa hivi, ina nguvu ya kuua oksidi kuliko chari iliyokaa. Nilikuwa nimepima uwezo wa mzee aliyelala nikaripoti kuwa ni wa kijana.

Kisha kuna asili. Makaa ya Afrika Kusini, kama yale ya Songwe na Ruvuma, yalianza kulala ardhini enzi ambapo Afrika, India, Australia na Antaktika zilikuwa bara moja. Mengi yake yana sehemu kubwa iitwayo inatiniti, mabaki ya mimea yaliyoungua au kuoza kwa hewa kabla ya kufukiwa. Sehemu nyingine, vitriniti, ni miti iliyogeuka kama ute. Vitriniti ikipata moto wa ghafla hulainika na kuvimba ikawa povu. Inatiniti mara nyingi hukataa kulainika, ikabaki nzito yenye kuta nene. Povu huungua upesi na oksidi yake haina safari ndefu kabla ya kuwa nje. Chembe nzito huishikilia gesi ndani kwa muda zaidi, lakini nayo huchelewa kuungua, na isipopewa muda hutoka na majivu ikiwa na kaboni yake. Ndani ya kijiko kimoja cha makaa unazo zote mbili. Wastani wa kijiko hausemi ukweli wa chembe yoyote.

Niliondoa jina langu kwenye ratiba ya mkutano. Nilianza upya.

Unapopewa chari, usianze kwa kuuliza ina kaboni kiasi gani. Uliza ilipashwa moto kwa kasi gani, ikafika joto gani, ikakaa humo muda gani, na ilikuwa makaa ya aina gani kabla ya hapo. Mambo hayo manne yameandikwa kwenye kuta zake hata kama hakuna aliyeyaandika kwenye chupa.

4. Pima kile ambacho gesi inakiona

Nilipokuwa ninaanza upya niliona aibu ndogo nyingine, ambayo bado naiona ikiwakuta vijana. Nilitaka kujua eneo la uso wa chari yangu, yaani ukizikunjua kuta zote za vitundu na kuzitandaza, zitafunika eneo gani. Kipimo cha kawaida, kinachofuata hesabu za Brunauer, Emmett na Teller za mwaka 1938, hutumia gesi ya naitrojeni kwenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Nilipata mita za mraba zisizofika 10 kwa gramu. Nikaandika kwamba chari hii haina vitundu vya maana.

Fundi wa kipimo, mtu asiye na shahada, aliniuliza kwa upole kwa nini sijajaribu hewa ukaa. Nilijaribu kwa nyuzi sifuri. Jibu likaja zaidi ya mita za mraba 150.

Kwenye baridi ile kali, molekuli za naitrojeni hupungua mwendo zikakwama kwenye milango ya vitundu vyembamba kabisa. Hewa ukaa kwenye nyuzi sifuri ina uchangamfu wa kutosha kuingia. Chari haikubadilika; nilibadilisha mgeni anayebisha hodi.

Lakini usikimbilie kusema basi namba kubwa ndiyo ya kweli. Katika joto la boila, kaboni na oksijeni hukutana kwa kasi kiasi kwamba gesi huliwa karibu na mlango, haifiki vyumba vya ndani kabisa. Hapo vitundu vikubwa, vile vinavyolisha vile vidogo, ndivyo vinavyotawala. Kwenye tanuri la nyuzi 850, vyumba vya ndani huingia kazini zaidi. Eneo la uso bila kutaja joto na kasi ya mwitikio ni namba ya kupamba jedwali.

5. Usisafishe kitu usichokijua

Fupi. Ili nipate kaboni "halisi", niliosha makaa kwa asidi nikaondoa madini. Chari iliyotoka ilikuwa dhaifu katika kuua oksidi ya naitrojeni, nikahitimisha kwamba kaboni ya makaa yale ni dhaifu. Kumbe kalisi, chuma, potasiamu na sodiamu nilivyovimwaga kwenye sinki ni vichocheo vya kazi ile ile niliyokuwa ninaipima. Uchafu ulikuwa nusu ya jibu.

6. Mwenye moto huona kisichoandikwa kwenye cheti

Nilirudi nyumbani, nikaajiriwa kwenye kiwanda cha saruji. Moto wa tanuri kuu la saruji unafika karibu nyuzi 2,000, na huko naitrojeni ya hewa nayo huvunjika, hadithi ya Zeldovich kamili. Lakini kabla ya tanuri kuna kalsaina, mnara ambamo chokaa huunguzwa kwa takriban nyuzi 850 hadi 900, na huko chari ndiyo yenye usemi. Gesi ikitoka humo hupita kwenye vimbunga, vyombo vinavyoizungusha ili unga udondoke.

Siku hizo tulibadilisha makaa kutoka mgodi mmoja kwenda mwingine. Niliidhinisha mimi. Vyeti vilifanana: unyevu, majivu, gesi tete, kaboni iliyobaki, vyote karibu sawa. Usiku wa pili nilipigiwa simu na mzee aliyekuwa zamu kwenye chumba cha uongozaji.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Haya makaa si yale. Kimbunga cha chini kina joto kuliko kalsaina yenyewe. Moto unaungulia huko mbele."

Nilimwambia vyeti vinasema makaa ni yale yale. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Cheti sikijui, Injinia. Moto naujua."

Sikwenda. Asubuhi nilikuta kaboni monoksaidi imepanda, mabonge yameganda kwenye bomba, na oksidi za naitrojeni ziko juu kuliko wiki iliyopita. Makaa mapya yalikuwa na chembe nzito nyingi zaidi. Chari yake haikumaliza kuungua pale ilipotakiwa, ikaburuzwa na gesi na kuungulia mbele. Na pale chini, ambapo gesi ya tanuri kuu hupanda ikiwa na oksidi zake na chari changa ingeweza kuziua, kazi haikufanyika kama tulivyozoea.

Tulisaga makaa laini zaidi. Kuna kadirio la zamani viwandani: mabaki juu ya chekeche la mikroni 90 yasizidi nusu ya asilimia ya gesi tete. Makaa yenye gesi tete asilimia 26 yabakize 13. Kwa makaa yale tulishuka chini ya hapo. Kisha tulisogeza sehemu ya hewa iingie juu zaidi ya mnara, ili chini kuwe na eneo lenye njaa ya oksijeni ambapo chari inakutana na gesi ya tanuri. Siku chache baadaye joto la kimbunga lilishuka likawa chini ya la kalsaina, na oksidi zikashuka pamoja nalo.

Nilikwenda kumwomba mzee radhi mbele ya zamu nzima. Alinishika mkono akasema yamekwisha. Tangu siku hiyo simu ya usiku sikuijibu nikiwa kitandani.

7. Kamwone anayeuvuta moshi

Nikiwa mwanafunzi nilipita mara nyingi eMalahleni, mji wa Mpumalanga ambao jina lake lenyewe lina maana ya mahali pa makaa ya mawe. Nilikwenda kuchukua sampuli, nikaondoka. Safari moja gari liliharibika, nikalala kwenye nyumba ya mama mmoja mwenye wajukuu watatu. Wawili walikohoa usiku kucha. Asubuhi mama aliniambia, bila lawama, kwamba wakipelekwa kwa ndugu mbali na hapo kikohozi huisha.

Nyanda zile za juu zimejaa vituo vya umeme wa makaa, na setilaiti zinazopima dioksidi ya naitrojeni huzionyesha kama doa jekundu kusini mwa Afrika. Sheria ya Afrika Kusini inavitaka vituo vipya visizidi miligramu 750 za oksidi za naitrojeni kwa mita ya ujazo ya moshi. Vile vya zamani viliwekewa kwanza 1,100. Mwaka 2022 Mahakama Kuu ya Pretoria ilitamka kwamba hewa ya eneo hilo inavunja haki ya kikatiba ya wakazi ya kuishi katika mazingira yasiyodhuru afya. Mwaka mmoja kabla, Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango linachopendekeza cha dioksidi ya naitrojeni kwa wastani wa mwaka kutoka mikrogramu 40 kwa mita ya ujazo hadi 10.

Nilikuwa nimeandika "sehemu kwa milioni" mara elfu kabla ya usiku ule. Nenda mapema kuliko nilivyokwenda mimi.

Na ombi moja la mwisho, dogo, la kazi. Kila chupa ya chari unayoijaza, ibandike karatasi: makaa ya mgodi gani, kasi ya joto, joto la juu, muda, na gesi iliyotumika kupoza. Kwenye kabati la maabara niliyosomea niliacha chupa 41 zenye tarehe tu na herufi za jina langu. Hakuna anayeweza kuzitumia, hata mimi.